Umekwama kwenye Kilatini? Angalia kwanza mkia wa neno

Anayejifunza Kilatini peke yake kwa kitabu hukwama mahali panapotabirika. Sura za mwanzo huenda kwa raha kwa sababu maneno ni machache na sentensi ni fupi. Kisha nomino za kundi la tatu zinaingia, vitenzi vinaongezeka njeo, na ghafla aya iliyopaswa kusomwa kwa dakika tano inakula saa nzima. Hapo mtu huanza kusema hana kichwa cha lugha, au hukimbilia kutafuta kitabu kingine. Ninamwomba kila aliyefika hapo asifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kuchunguza kosa liko wapi. Mara nyingi kosa lenyewe ni dogo, na linarekebishika.

Kwetu tunaosema Kiswahili chanzo kikuu ni kimoja, na dalili nyingi zilizoko hapa chini ni matawi yake. Kiswahili hupakia habari mwanzoni mwa neno. Ukisikia "wata-" umeshajua ni akina nani na ni lini, hata kabla kitenzi chenyewe hakijafika. Kilatini nacho hubeba habari hiyohiyo, ila huiweka mwishoni. Weka maneno haya mawili sambamba:

a-ta-penda
amā-bi-t

"A" yetu ndiyo "t" yao, "ta" yetu ndiyo "bi" yao, na "penda" ndiyo "amā". Viungo ni vilevile, vimepangwa kutoka upande wa pili. Jicho lililolelewa na Kiswahili hudaka mwanzo wa neno, likaridhika, likahamia neno linalofuata, na mkia ukabaki bila kusomwa. Kwa Kilatini kazi yote imo mkiani.

## "Maneno yote nayajua, lakini sentensi naielewa kinyume"

Soma sentensi hii: Agricolam puella videt. Agricola ni mkulima, puella ni msichana, videt ni anaona. Anayeanza husema, "Mkulima anamwona msichana." Sivyo. Ile -m iliyo mwishoni mwa agricolam inatangaza kwamba mkulima ndiye anayeonwa. Msichana ndiye mwenye macho hapa.

Chanzo ni mazoea ya kulichukua neno la kwanza kuwa kiima. Lakini tujitendee haki: hata Kiswahili hutuachia kumtanguliza anayetendwa. "Yule mkulima, msichana amemwona" ni Kiswahili safi, na hakuna anayebabaika, kwa sababu ile -mw- ndani ya kitenzi inamkumbuka mkulima. Kilatini hakiweki alama hiyo kwenye kitenzi, kinaibandika kwenye nomino yenyewe. Ukishaliona hivyo, mpangilio wa maneno unaacha kutisha.

Dawa ni kalamu ya risasi. Chukua aya moja ya kitabu chako na, kabla ya kutafsiri chochote, pigia mstari herufi za mwisho za kila nomino na kila kitenzi. Kisha soma neno kwa neno kufuata mpangilio uliopo, ukijiuliza swali kila hatua. Agricolam: huyu mkulima anafanywa nini, na nani? Puella: aha, mtendaji huyu hapa. Videt: anamwona. Walimu wengine hufundisha kukimbilia kitenzi kwanza na kurudi nyuma kukusanya vipande. Njia hiyo huokoa siku moja moja, lakini mimi siipendi kama desturi, maana humfanya msomaji aione kila sentensi kama fumbo la kufumbua, na asome bila kuwahi kufika mahali pa kusoma tu.

## "Kiishio kimoja kina kazi tatu, nitajuaje?"

Lalamiko hili ni la kweli. Puellae inaweza kuwa "wasichana" wanaotenda, inaweza kuwa "ya msichana", tena inaweza kuwa "kwa msichana" anayepewa kitu. Ukikodolea macho neno hilo peke yake hutapata jibu hata ukikesha. Jibu liko kwa majirani zake.

Twende na sentensi moja polepole: Nauta puellae rosam dat. Anza na mkia wa kitenzi. Dat inaishia na -t, yaani mtendaji ni mmoja, kwa hiyo puellae haiwezi kuwa "wasichana" wanaotenda, na isitoshe nauta, baharia, ameshakaa kwenye nafasi hiyo. Rosam ina -m, ndilo ua linalotolewa. Zimebaki kazi mbili: baharia anatoa ua la msichana, au baharia anampa msichana ua. Kitenzi "kutoa" kinadai mpokeaji, na hakuna mwingine wa kushika nafasi hiyo. Baharia anampa msichana ua waridi. Kazi zilikuwa tatu, na jirani mmoja mmoja amezipunguza mpaka ikabaki moja.

Uhusika huo wa mpokeaji, dativu, huwasumbua Waswahili kwa sababu lugha yetu humficha mpokeaji ndani ya kitenzi: leta ikawa letea, pika ikawa pikia, andika ikawa andikia. Kitabu kikikwambia "dativu", sikia ile -ia au -ea. Ukiona dativu ambayo haieleweki, tafsiri kitenzi katika umbo la kutendea halafu uone kama sentensi haifunguki. Mara nyingi hufunguka.

## "Maelezo ya kitabu nayaelewa, Kilatini chenyewe hakikai"

Vitabu vingi vya kiada vya Kilatini vimeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano. Ukijifunza kupitia Kiingereza unasafiri mara mbili: kutoka Kilatini hadi Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza hadi mahali unapofikiria. Na kituo cha katikati hupoteza mizigo. Kiingereza hutumia neno moja kwa "wewe" na "ninyi", kwa hiyo amās na amātis huonekana sawa ukiziandikia tafsiri yake. Kwa Kiswahili haziwezi kuchanganyika: unapenda, mnapenda. Kiingereza humlazimisha mwanafunzi achague kati ya mwanamume, mwanamke na kitu kila anapokutana na amat. Kiswahili kinasema "anapenda", basi, kama Kilatini.

Kwa hiyo fanya hivi: daftari lako la maneno liandike kwa Kiswahili, hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Amō, ninapenda, amās, unapenda, amat, anapenda, amāmus, tunapenda, amātis, mnapenda, amant, wanapenda. Nafsi sita kwa nafsi sita, bila haja ya kiwakilishi cha pembeni. Njeo zilizopita pia hukaa vizuri: amābat ni "alikuwa akipenda", amāvit ni "alipenda" au "amependa" kulingana na habari inavyokwenda. Na yale maneno mawili madogo, "a" na "the", ambayo Kiingereza hubandika mbele ya nomino, Kilatini hakina, wala sisi hatuna. Kurasa zinazoeleza namna ya kuyaongeza katika tafsiri unaweza kuzipita.

## "Kivumishi hakifanani na nomino yake"

Mwanafunzi ameshajifunza puella bona, msichana mwema, na dōnum bonum, zawadi njema. Anafurahi kuona mikia inaimbiana. Kisha anakutana na nauta bonus na anadhani ni kosa la uchapaji.

Hapa Kiswahili kimekuandaa kuliko lugha nyingi za Ulaya, tumia akiba hiyo. Sisi husema "kitabu kizuri", lakini je, tunasema "kiongozi kizuri"? Hatusemi. Tunasema kiongozi mzuri, kijana mrefu, kipofu mmoja, kwa sababu ingawa maneno hayo yamevaa ki-, yanamtaja mtu, na upatanisho humfuata mtu. Nauta ni "kiongozi" wa Kilatini: amevaa -a ya kundi la kwanza, ambalo kwa kawaida ni la jinsia ya kike, lakini baharia wa Kirumi huhesabiwa mwanamume, basi bonus. Agricola na poēta hufuata njia hiyohiyo.

Kanuni ni kwamba kivumishi hupatana na nomino kwa jinsia, idadi na uhusika. Hakilazimiki kufanana nayo kwa sauti. Rēx bonus, rēgis bonī, rēgī bonō, rēgem bonum: nomino ni ya kundi la tatu, kivumishi ni cha kundi la pili, na kila mmoja anavaa nguo za kwao huku wakitembea pamoja. Arbor, mti, ni ya kike, hivyo arbor alta. Anayesoma kwa kusubiri vina ataachana na kivumishi chake kila sentensi. Kila unapoandika nomino mpya daftarini, iandike na jinsia yake pamoja na kivumishi kimoja kidogo ubavuni. Arbor alta hukaa kichwani kuliko "arbor, ya kike".

## "Nasoma kwa sauti, lakini nahisi nakosea"

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kilatini hufanya hivyo pale tu silabi hiyo inapokuwa nzito, yaani ina irabu ndefu, ina irabu mbili zilizoungana kama ae na au, au imefungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma silabi moja. Maneno ya silabi mbili hubeba mkazo kwenye ya kwanza. Kwa hiyo pu-EL-la, ma-GIS-ter na a-MĀ-mus zinatutokea vizuri bila juhudi, lakini dominus ni DO-mi-nus, fēmina ni FĒ-mi-na, agricola ni a-GRI-co-la. Sisi tunataka kusema do-MI-nus.

Na vile vistari vilivyo juu ya irabu si mapambo. Sikiliza tofauti ya "kufa" na "kufaa", na utakubali kwamba urefu wa irabu unaweza kubeba maisha ya mtu. Kilatini nacho: malum ni uovu, mālum ni tufaha, liber ni kitabu, līber ni mtu huru, venit ni anakuja, vēnit ni alikuja. Puella ni msichana anayetenda, puellā ni ablativu, uhusika wa chombo au mahali. Anayenakili maneno bila vistari anajitengenezea matatizo ya miezi sita ijayo, na hilo nalisema kwa uchungu, kwa kuwa daftari langu la kwanza lote halikuwa na kistari hata kimoja na ilinibidi nilirudie ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu matamshi ya c na v, usipoteze siku. Kuna mapokeo mawili: yale yaliyorejeshwa na wanaisimu kufuata zama za kale, ambapo Cicero ni Kikero, caelum ni kailum na v husikika kama w yetu, na yale ya kanisa, ambapo ni Chichero na chelum. Chagua moja na ushikamane nayo. Kuchanganya yote mawili ndani ya ukurasa mmoja ndiko kunakoharibu sikio.

## "Wakati ujao unanichanganya"

Tatizo hili ni mtoto wa lililotangulia. Videt ni "anaona". Dīcet ni "atasema". Mikia ni ileile, -et, na njeo ni mbili tofauti. Mwanafunzi hudhani ameonewa.

Vitenzi vya Kilatini vimegawanyika makundi manne. Mawili ya kwanza hujenga wakati ujao kwa -bi-: amābit, monēbit. Ya tatu na ya nne hayana -bi-, yanabadilisha irabu: regit ni anatawala, reget ni atatawala, audit ni anasikia, audiet ni atasikia. Kwa hiyo -et haina maana mpaka ujue kitenzi kinatoka kundi gani. Aliyejifunza kwamba "videō ni kuona" na "dīcō ni kusema", akaishia hapo, hana namna ya kujua.

Jifunze kila kitenzi kwa maumbo yake manne, kwa sauti, kama wimbo mmoja: moneō, monēre, monuī, monitum, regō, regere, rēxī, rēctum. Na hapa mkazo unalipa deni lake. Monēre ina ē ndefu, hivyo ni mo-NĒ-re. Regere ina e fupi, hivyo ni RE-ge-re. Ukiitamka sawasawa tangu siku ya kwanza, sikio lenyewe litakwambia kundi, na -et haitakuhangaisha tena. Ukizitamka zote Kiswahili, mo-NE-re na re-GE-re, umefuta tofauti ambayo kitabu kilikuwa kinajaribu kukupa.

## Maneno madogo: "in", "kwa" na "na"

In silvā currit na in silvam currit, zote mbili zina msitu. Ya kwanza, yenye ablativu, anakimbia akiwa humo msituni. Ya pili, yenye akuzativu, yaani ile -m ya anayetendwa, anakimbilia msituni. Kwetu "msituni" haibadiliki, tofauti hubebwa na kitenzi, kimbia au kimbilia. Ndiyo maana jicho letu haliitafuti kwenye nomino. Litafute hapo.

Ablativu ya chombo ni "kwa" yetu: gladiō, kwa upanga. Hiyo ni rahisi. Mtego uko kwenye "na", maana neno hilo moja hufanya kazi za maneno matatu ya Kilatini. "Baba na mama" ni et. "Anatembea na rafiki" ni cum amīcō. "Alijeruhiwa na adui" ni ab hoste. Sentensi moja ya kukariri inatosha: ab hoste gladiō vulnerātus est, alijeruhiwa na adui kwa upanga. Mtu ana ab, chombo hakina kitu.

## "Neno silioni kwenye kamusi"

Hata mgeni wa Kiswahili akitafuta "nyuso" chini ya N anaweza asiipate, au "meno", au "tulipendwa". Lazima ajue uso, jino, penda. Kamusi ya Kilatini huorodhesha nomino kwa umbo la kiima na genitivu (umbo la umilikaji, kama puellae, "ya msichana"), vitenzi kwa nafsi ya kwanza umoja. Ukikutana na itinera, hutaipata mpaka ujue iter, genitivu itineris. Corpora iko chini ya corpus, corporis. Ndiyo sababu genitivu si ya kurukwa: ndiyo inayoonyesha shina halisi la neno. Na tulit iko chini ya ferō, kwa kuwa maumbo yake ni ferō, ferre, tulī, lātum. Vya namna hii ni vichache, vikariri tu.

Ukiwa bado hulioni, angalia kama mwishoni hakuna kipande kilichobandikwa. Puellaque ni puella na -que, "na msichana". Puellane? ni swali, na hiyo -ne hufanya kazi kama "je" yetu ya mwanzoni mwa swali, tunaposema "Je, ni msichana?" Angalia pia tahajia: vitabu vingine huandika Iulius, vingine Julius, servus kwa wengine ni seruus. Neno ni lilelile.

## "Vitabu vyangu viwili havikubaliani"

Kama ni majedwali, huenda hakuna kosa lolote. Vitabu vya Marekani kwa kawaida hupanga nominativu (umbo la kiima), genitivu, dativu, akuzativu, ablativu. Vile vya Uingereza, kufuata mpangilio ulioenezwa na Benjamin Hall Kennedy katika karne ya 19, huweka akuzativu karibu na nominativu na kuipeleka genitivu chini zaidi. Aliyekariri jedwali kwa kufuata nafasi zake, "la pili kutoka juu", anapohamia kitabu kingine kila kitu kinasogea. Kariri kila umbo na jina lake.

Lakini pengine tofauti ni ya falsafa. Kitabu cha Frederic Wheelock, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1956, kina sura 40 zinazokupa kanuni kwanza, kisha sentensi za kutafsiri. Familia Romana cha Mdenmaki Hans Ørberg kina sura 35 na kimeandikwa chote kwa Kilatini: unasoma hadithi, na kanuni unaichuma humo. Njia ya kwanza ina ugonjwa wake: mwanafunzi anataja jedwali zima bila kupumua, lakini aya ya mistari sita inamshinda. Ya pili nayo ina wake: anafuata hadithi kwa kubahatisha, anajua nani alimpiga nani kwa sababu ya picha na mazingira, na ukimuuliza kwa nini neno lina -ō hana jibu.

Ukiugua ule wa kwanza, acha mazoezi ya jedwali kwa wiki mbili na usome hadithi rahisi nyingi, rahisi kuliko unavyodhani unastahili. Ukiugua wa pili, chukua ukurasa mmoja uliokwisha kuuelewa na utaje kazi ya kila nomino, moja baada ya nyingine, kwa maneno. Kitabu cha pili kinafaa kwa ajili hiyo tu. Kubadilisha kitabu na kuanza sura ya 1 upya kila unapokwama ndiko kunakowafanya watu wengi waijue sura ya 1 ya vitabu vitano.

## "Niliacha miezi kadhaa, nianzie wapi?"

Usianzie mwanzo, na usianzie ulipoachia. Fungua kitabu katikati ya ulikofika na usome aya kwa sauti. Ukijikwaa zaidi ya mara mbili, rudi sura moja nyuma. Rudia hivyo mpaka ufike kwenye aya unayoisoma hadi mwisho ukiielewa bila kugusa kamusi. Weka alama hapo. Kesho isome tena aya hiyohiyo, halafu inayoifuata, ukiwa na kalamu ya risasi mkononi, macho kwenye mikia.